Samovar Mara Mbili

Mpaka asubuhi ya Jumatatu hakuna mtu kituoni aliyekuwa ameisikiliza ile faili ya sauti. Wote walikuwa wameitazama tu. Mtaalamu wa kompyuta aliitazama, mkuu wa kituo akaitazama, mwendesha mashtaka akachapishiwa karatasi yenye maelezo yake naye akaitazama: jina la faili, ukubwa wake, na muda ilipohifadhiwa, Alhamisi, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. Muda ulitosha. Ikiwa marehemu, Mwalimu, alikuwa hai saa hiyo, akisoma maneno yake mbele ya maikrofoni, basi kilichomuua kilimkuta baadaye. Na mtu pekee aliyeonekana kwenye mlango wa studio baadaye alikuwa mpwa wake, fundi wa sauti. Mwenye duka la vifaa vya ofisi upande wa pili wa barabara alimwona saa kumi na mbili na nusu akitoka na koti mkononi. Daktari naye alikuwa ameacha nafasi pana, kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, kwa hiyo hakumsumbua mtu yeyote. Kesi ilikuwa imejipanga yenyewe. Saa nane mchana fundi angesomewa shtaka la mauaji.

Inspekta aliyeshika jalada alikuwa mwanamke wa makamo mwenye tabia moja iliyowachosha wenzake: haamini kitu mpaka akipitie mwenyewe, hata kama ni risiti ya mkate. Hakuwa na shaka na fundi. Hakuwa na huruma naye pia. Baada ya miaka kumi na tisa kazini, vifo vilimpitia mezani kama barua za ofisi. Anapokea, anasaini, anapeleka mbele. Alivaa spika za masikioni kwa sababu sanduku la "kusikiliza" kwenye fomu lilikuwa halijawekewa alama, na yeye hakupenda fomu yenye sanduku tupu.

Kwanza hakusikia kitu. Alidhani waya umelegea. Akaukaza, akarudisha nyuma, akasikia tena hakuna kitu, nusu dakika nzima. Kisha mzee akakohoa kidogo na kuanza.

"Samovar," sauti ilisema, uzito wote ukiangukia mwishoni. Ikatulia. "Samovar," ikasema tena, safari hii uzito ukiwa mwanzoni, kwa namna ya kuharakisha.

Ikaja babushka mara mbili, ikaja troika mara mbili, dacha, sputnik, tundra. Maneno thelathini na nane, kila moja mara mbili, bila salamu wala kwaheri. Mwalimu alikuwa akirekodi kamusi ya kusikiliza, ya maneno ya Kirusi yaliyohamia kwenye Kiingereza, kwa ajili ya watangazaji na wanafunzi. Inspekta alijaribu samovar kwa sauti ya chini, na ulimi wake ukaenda ulikozoea, ukakaza "mo" ya katikati, kitu ambacho hakuna Mrusi wala Mwingereza aliyewahi kukifanya. Aliangalia kama kuna aliyemsikia. Kisha akaandika kwenye daftari: "Kila neno mara mbili, tofauti. Ipi ni ipi?" Katika jengo zima alikuwepo mtu mmoja tu wa kumjibu, naye alikuwa mahabusu.

Kwenda huko kulimlazimu kupita kwenye benchi la mapokezi. Hapo alikaa dada wa marehemu, ambaye pia ndiye mama wa mtuhumiwa. Alikaa hapo tangu Ijumaa, kila siku kuanzia kituo kinapofungua milango mpaka wanapomwomba aondoke, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Hakulia, hakumsihi mtu. Polisi vijana walishaanza kumzunguka kama wanavyozunguka kabati.

"Mama, umekula kitu?"

"Nimekula, mwanangu."

Hakuwa amekula, na wote wawili walijua.

"Ni leo saa nane?" mama aliuliza.

"Ni leo saa nane."

"Haya."

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, miaka thelathini, viatu bila kamba. Inspekta hakumuuliza chochote. Alimvisha spika za masikioni akabonyeza. Kijana alisikiliza sauti ya mjomba wake bila kupepesa. Ilipofika troika akanyoosha mkono na kuizima mwenyewe, kwa mazoea ya kazi.

"Hii ya lini, afande?"

"Niambie wewe."

"Si ya Alhamisi."

"Imeandikwa Alhamisi."

"Mimi nasikiliza, sisomi." Alisema hivyo bila ubishi, kana kwamba anataja hali ya hewa. "Hapa Mjomba anatanguliza Kirusi. Samovar ya mkazo mwishoni ni ya Warusi, ya mkazo mwanzoni ni ya Waingereza. Babushka, Mrusi anakaza mwanzo, Mwingereza anavuta katikati. Wiki yote ya kwanza tulifanya hivyo. Mjomba alisema mwenye neno aanze, aliyeazima afuate. Jumatano akaja mtangazaji wa redio kutujaribia. Tukamsikilizisha maneno kumi, tukamwomba ayatamke. Yote kumi akatamka kama alivyoyasikia mara ya pili. Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Akasema sikio linaondoka na kilichoingia mwisho, na Kiingereza watakisikia popote lakini Kirusi watakisikia hapa tu, basi Kirusi kiende mwisho. Kila tulichokuwa tumerekodi nikakitupa kwenye kapu la kompyuta. Alhamisi asubuhi tukaanza upya."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi na yeye. Na yule mtangazaji, lakini yeye alijua tumemjaribu tu."

"Na ile nusu dakika ya kimya pale mwanzoni?"

"Kimya cha chumba. Kila tukianza kikao narekodi chumba kitupu, mtu asipumue. Nikija kukata neno, pengo nalijaza kwa kimya hichohicho. Ukichanganya vimya viwili, sikio linagutuka. Kila chumba kina kimya chake, afande. Hata hiki."

Inspekta alisikiliza chumba cha mahojiano. Hakusikia kitu.

"Siku tatu uko hapa. Kwa nini hukusema haya?"

"Mliniuliza nilikuwa wapi. Nikawajibu. Niliondoka saa kumi, nikarudi saa kumi na mbili na nusu kuchukua koti chumba cha nje, nikaondoka. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa na taa imezimwa. Nilifikiri ameshakwenda nyumbani. Nikamzimia na taa ya nje."

Neno la mtuhumiwa halikuwa na thamani yoyote kwenye jalada, na Inspekta alimwambia hivyo kabla hajamrudisha. Kisha alikwenda kufungua faili nyingine za Alhamisi, za kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi kasoro, ambazo nazo zilikuwa kwenye kompyuta ileile na nazo hakuna aliyezisikiliza. Ilikuwa kazi ya saa nzima na ya kuchosha kuliko kukesha zamu. Maneno hamsini na moja. Katika yote, Mwingereza alitangulia na Mrusi akafuata. Hakuna hata moja lililokwenda kinyume.

Alipiga simu ghorofa ya juu.

"Kwa hiyo mzee alibadilisha mawazo jioni," mkuu wa kituo alisema. "Wazee hubadilisha mawazo. Mimi baba yangu anabadilisha kiti mara tatu kabla ya chai. Una kingine?"

"Bado."

"Saa nane, Inspekta. Mwendesha mashtaka ana kesi nyingine saa tisa."

Funguo za studio zilikuwa seti tatu: ya Mwalimu, ambayo ilikutwa mfukoni mwake, ya fundi, na ya mhariri wa kamusi, mtu aliyeandika maelezo ya maana ya kila neno. Mhariri hakuwa ameguswa kwa sababu kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja usiku alikuwa maktaba akitoa mhadhara mbele ya watu arobaini. Watu arobaini ni wengi mno kuwabishia. Inspekta alimwomba apite kituoni kusaini maelezo yake ya Ijumaa. Alifika saa sita na robo, shati limenyooshwa vizuri, muswada wa kamusi kwapani kana kwamba huenda mtu angetaka kuununua.

"Kabla hujasaini, bwana mhariri, nisaidie kidogo. Mimi mambo haya ni mgeni. Samovar ni nini?"

Uso wa mhariri ulifunguka. Kuna watu hawawezi kuacha swali lipite, hata wakiwa kituo cha polisi.

"Ni birika kubwa la chuma la kuchemshia maji ya chai. Kwa Kirusi neno lenyewe linasema kitu kinachojichemsha. Waingereza walichukua chombo na jina pamoja, mkazo tu wakauacha njiani."

"Na babushka?"

"Kitambaa cha kichwani."

"Kwa Kirusi?"

"Kwa Kirusi ni bibi, mama wa mama au wa baba. Lakini kamusi ni ya Kiingereza, na kwa Kiingereza ni kitambaa. Hilo nililieleza mara nyingi."

"Ulimweleza nani?"

"Yeyote aliyeuliza."

Inspekta aliandika. "Mwalimu alikuwa anasomaje? Lipi kwanza?"

"Kirusi kwanza."

"Sikuzote?"

"Sikuzote. Mkaidi yule, Mungu amrehemu. Mwenye neno kwanza, aliyeazima baadaye. Alinichosha kwa wimbo huo."

"Mara ya mwisho kumsikia akirekodi?"

"Jumanne."

Inspekta aligeuza kompyuta ndogo iliyokuwa mezani na kucheza faili ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwingereza akatangulia, Mrusi akafuata. Akacheza ya saa sita, ikawa vivyo hivyo. Kisha akacheza ile ya saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Mhariri alisikiliza huku akiunyoosha muswada ulingane na ukingo wa meza.

"Naona," alisema. "Asubuhi alijaribu mtindo mpya. Jioni, akiwa peke yake, akarudia wake. Nimekwambia alikuwa mkaidi."

Lilikuwa jibu zuri, na ndilo lilelile la mkuu wa kituo. Mwanasheria yeyote angelisimamia mahakamani bila jasho. Inspekta alimshukuru, akamwomba asubiri karatasi ya kusaini, akatoka. Saa ya ukutani ilisema saba kasoro dakika ishirini. Mama alikuwa palepale kwenye benchi.

Kwenye meza yake Inspekta alivaa tena spika za masikioni. Maneno yalikuwa yamekwisha kumpa kila kilichokuwa ndani yake, basi akayaacha. Akacheza kimya tu. Nusu dakika ya Alhamisi asubuhi, kisha nusu dakika ya Alhamisi jioni, kisha asubuhi, kisha jioni. Alifanya hivyo mara sita akijiona mpumbavu. Mara ya saba akasikia. Kimya cha asubuhi kilikuwa na nafasi ndani yake. Kulikuwa na mvumo wa mbali, kama gari linalopita mtaa wa nyuma, na kitu kama baridi ya ukuta. Kimya cha jioni kilikuwa kizito, kimezibwa, kama mtu aliyejifunika blanketi.

Alishuka ngazi mbilimbili mpaka mahabusu. Fundi alisikiliza vyote viwili akiwa amesimama kwenye nondo, mara moja tu.

"Pazia," alisema.

"Pazia gani?"

"Ukuta mzima wa nyuma una pazia nene la kumeza mwangwi. Lilikuwa linanuka ukungu, Mjomba anapiga chafya kwenye maneno. Jumatano jioni nikalishusha nikalipeleka kwa dobi. Aliahidi Ijumaa. Alhamisi kutwa tulirekodi na ukuta mtupu, nikasema mwangwi nitaupunguza baadaye kwenye mashine." Alirudisha spika. "Hiki cha pili kina pazia. Ni cha Jumanne au kabla. Mtu amekitoa kwenye kapu."

Inspekta alirudi juu akafungua jalada kwenye picha za eneo la tukio, zilizopigwa Ijumaa asubuhi saa mbili. Picha ya kwanza mpaka ya tatu zilimwonyesha Mwalimu sakafuni, kisogo kwenye kitako cha chuma cha stendi ya maikrofoni. Alikuwa ameziangalia siku tatu. Picha ya nne ilikuwa ya ukuta wa nyuma: bomba la pazia, kulabu ishirini na mbili, hakuna pazia. Alipiga simu kwa dobi. Dobi alilalamika kwa kirefu kwamba pazia lilikuwa tayari tangu Ijumaa mchana, zito kama ng'ombe, limemjazia duka, na mwenyewe hajaja kulichukua. Kwenye kitabu chake lilikuwa limepokelewa Jumatano, saa kumi na mbili na dakika tano jioni.

Kisha alimwita mtaalamu wa kompyuta na kumuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza: je, saa ya kompyuta yenyewe iliwahi kuguswa? Alipojua cha kutafuta, mtaalamu alikipata kwa dakika nane. Alhamisi jioni saa hiyo ilisogezwa mbele saa moja na dakika kumi, ikahifadhi faili moja, ikarudishwa nyuma. Inspekta alipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Saa ya kweli ilikuwa kumi na dakika arobaini na mbili, na kutoka studio mpaka maktaba ni mwendo wa dakika kumi.

Mhariri alikuwa ameshasoma maelezo yake na kuyawekea alama mbili za kusahihisha.

"Sikiliza hiki," Inspekta alisema, na kumchezea kimya cha asubuhi. Halafu kile cha jioni.

"Hakuna kitu hapa."

"Kipo. Kuna pazia." Aliweka picha ya nne mezani, na juu yake karatasi yenye saa za kompyuta. "Alhamisi pazia lilikuwa kwa dobi. Ulisimama ndani ya chumba kile, ukuta uko wazi mbele yako, ukachagua faili ambayo pazia linasikika. Fundi asingefanya kosa hilo hata usingizini. Wewe ulichukua maneno, na maneno yalikuwa sawasawa."

Mhariri aliisogeza picha ilingane na ukingo wa meza. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ileile aliyoelezea birika.

"Nilipita saa kumi na robo kuchukua muswada. Alikuwa ameufuta. Maana zangu mia moja na kumi na mbili, kwa kalamu nyekundu. Kila neno aliandika lilikotoka, nani analisema nyumbani kwao, anamwambia nani. Babushka, alikata kitambaa akaandika bibi. Akasema atampelekea mchapishaji Ijumaa, na mchapishaji alikuwa mwanafunzi wake. Miaka sita, Inspekta. Nilimsukuma. Kumsukuma tu."

"Na alipoanguka?"

"Nilisikiliza kama anapumua."

"Anapumua?"

"Sijui. Mimi si mtu wa kusikiliza." Alikiondoa kifuniko cha kalamu yake. "Nisaini wapi?"

Inspekta alimwonyesha mahali. Alitegemea kuhisi kitu, hata furaha ndogo ya kumaliza, lakini hakikuja. Alibandua karatasi mpya ya maelezo, akamwambia aanze tangu mwanzo, polepole, na aandike mwenyewe.

Mwendesha mashtaka alifika saa nane kasoro dakika kumi, akasomewa kurasa tatu akiwa amesimama, akabadilisha jina moja kwenye fomu na kusema atakuwa amewahi kesi yake ya saa tisa. Fundi aliletwa mapokezi. Alisaini kurudishiwa simu, mkanda, na kamba za viatu ndani ya mfuko wa karatasi.

"Mama," Inspekta alisema, "mchukue mwanao. Si yeye."

"Si yeye," mama alirudia. Alisimama. Hakumkumbatia kijana. Alimshika kiwiko, wakatoka pamoja mpaka kwenye ngazi za nje. Inspekta alikuwa nyuma yao na karatasi ya kuachiliwa ambayo waliisahau kaunta, kwa hiyo alisikia.

"Simama kwanza," mama alisema. "Nyumbani kumejaa watu wa msiba. Nataka nikwambie hapa."

"Niambie, mama."

"Niliamini. Ijumaa walipokuja kusema ni wewe, nikaamini. Sikuomba utoke, hata siku moja. Kila siku nilikuwa naomba nisije nikaambiwa ulimfanyaje kaka yangu."

Fundi alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wanavuka na mizigo yao ya mchana.

"Najua, mama."

"Unajua vipi?"

"Kati ya mahabusu na mapokezi ni ukuta mmoja tu. Nimesikiliza siku tatu. Ungekuwa unaniamini, ungepiga kelele."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Inspekta alisikia uchungu, akabaki na karatasi mkononi asijue ampe nani. Mama alichukua ule mfuko mkononi mwa kijana, akapiga magoti kwenye ngazi mbele ya wapita njia, akatoa kamba na kuanza kuzipitisha kwenye viatu vya mwanawe, tundu kwa tundu. Mtu mzima wa miaka thelathini alisimama juu yake bila kumzuia, na mama alipomaliza cha kulia, akamsogezea cha kushoto.